Siumwi, Nipimwe Nini? Siku Moja ya Kutafuta Wazima Kigoma

Saa 12:30 asubuhi
Naangalia betri ya mashine ya kupima neva kabla ya chai. Umeme ukikatika siku ya kazi betri hutuokoa, ila hata ukiwepo napenda zaidi betri. Ukichomeka mashine ukutani, mawimbi ya umeme wa hezi 50 hujipenyeza kwenye kipimo, na ishara ya neva ya hisia ni mikrovolti chache tu, yaani sehemu za milioni za volti. Inamezwa mara moja.

Saa 2:00
Tupo Mwanga. Swali la kwanza la siku ni lile lile.

"Mwanangu, mimi siumwi. Nipimwe nini?"

"Shikamoo mama. Ndiyo maana tunakuhitaji wewe."

Ni muuza dagaa. Namweleza kwamba mgonjwa akija na ganzi mikononi, tunampima kasi ya neva zake halafu tunalinganisha na jedwali. Jedwali lililokuja na mashine limetokana na watu wa kwingine. Umri, urefu, unene wa vidole, vyote hubadilisha majibu. Kwa hiyo tunatafuta wazima wa hapa. Anacheka: "Kumbe uzima nao una kazi!"

Halafu maswali: kisukari, pombe, ukoma hata wa zamani, dawa za TB. Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, bila vitamini B6 inaweza kuharibu neva, na mtu aliyekwisha kupona TB hakumbuki kuitaja mpaka umuulize.

Saa 3:15
Kazi halisi huanza kwenye beseni. Watu wametoka nyumbani wamejipaka mafuta vizuri, na elektrodi, kile kipande kinachonasa ishara ya neva, haishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Sabuni, maji, kitambaa.

Kijana mmoja ametoka Kibirizi kupakia samaki kwenye barafu. Kipimajoto kinasoma nyuzi 27 kwenye kiganja. Namwambia aloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu hadi ifike 32, naye ananitazama kama namchelewesha makusudi. Lakini neva ikipoa hupunguza mwendo, takriban mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Nyuzi tano ni mita 10. Kijana mwenye kasi ya 56 angeandikwa 46, na vitabu vingi huweka mpaka wa chini wa uzima wa neva ya mediani, ile tunayoipima mkononi, kwenye 50. Angeitwa mgonjwa kwa sababu ya barafu. Ajabu ni kwamba baridi hiyo hiyo hulikuza wimbi, yaani ishara ya neva inavyochorwa na mashine, kwa hiyo ukitazama ukubwa peke yake unaona mambo mazuri tu.

Mikono imepata joto. Pete mbili za elektrodi kwenye kidole cha shahada, sentimita 14 kwa futi ya kitambaa hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha napandisha umeme kidogo kidogo mpaka wimbi ligome kukua. Kidole gumba kinaruka chenyewe, na foleni nzima inacheka.

Saa 5:00
Kaka mmoja mwenye afya ya kupigiwa mfano, hana malalamiko, hatumii dawa. Tone la damu linasema sukari ni milimoli 14 kwa lita, juu mno. Hatuingizi kipimo chake. Tunamwandikia barua ya kwenda kliniki leo leo. Hakufurahi, na simlaumu.

Saa 7:00 mchana
Ugali wa muhogo na migebuka. Kisha miguu: neva ya surali, nyuma ya kifundo kwa upande wa nje. Warefu huwa na kasi ndogo kidogo kuliko wafupi, na kwa wazee sana wimbi linaweza lisionekane kabisa ilhali mtu anatembea vizuri.

Saa 10:30 jioni
Kuingiza takwimu, na ubishi. Ili kupata mpaka wa chini wa uzima, mwanafunzi tuliye naye anataka wastani utolewe mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha namba zinavyotawanyika), basi. Nakataa. Ukubwa wa mawimbi hauna mgawanyo wa ulinganifu; una mkia mrefu upande wa juu, na hesabu hiyo inaweza kukupa mpaka wa chini ulio chini ya sifuri. Wimbi hasi halipo. Tunatumia asilimia, yaani tunawapanga watu kuanzia wimbi dogo hadi kubwa na kuweka mpaka kwenye asilimia 2.5 ya chini, na kwa njia hiyo mwongozo wa maabara unataka watu wasiopungua 120 katika kila kundi. Hata AANEM, chama cha Marekani cha wataalamu wa vipimo hivi, kilipochapisha viwango rejea mwaka 2016, kilizikataa tafiti nyingi za zamani, na idadi ndogo ya watu ni kasoro mojawapo.

Piga hesabu: katika watu 120, asilimia 2.5 ya chini inaangukia kwa mtu wa tatu kutoka mwisho. Mpaka wote unashikiliwa na huyo mmoja! Yule kaka wa sukari 14 akiingia pale mkiani, mpaka unashuka, na mgonjwa wa kesho ataambiwa neva zake ni nzima. Mwanafunzi ananyamaza, anafuta fomyula.

Saa 12:00 jioni
Kundi la waliopita miaka 60 bado ni dogo, hasa wanaume. Nampigia simu mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Ujiji. Anasema wazee watapatikana baada ya swala ya alasiri. Namwomba chumba kisicho na upepo na beseni mbili.