Vigae vya Shangazi

Shangazi alikuwa amepanga Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, na mwenye nyumba hakutaka mtu aiguse plasta yake. Msumari aliuruhusu. Ndiyo maana aliponiagiza vigae vya udongo vyenye nakshi za milango ya Mji Mkongwe, alinipa sharti moja tu: viwe vya kutundika, ili siku akihama ahame navyo.

Wakati huo nilikuwa nikijifunza kwa bibi mmoja mfinyanzi. Yeye kazi yake vyungu na mitungi, kigae bapa hajawahi kuagizwa. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Chungu kinajishika, mjukuu wangu, maana ni duara. Hicho chako kitataka kujikunja."

Alisema kweli. Udongo bapa hukauka kingoni kwanza, katikati baadaye, na kingo zikitangulia kunywea, pembe zinainuka. Dawa yake tuliianzia mbali: tulitwanga magae ya vyungu vilivyovunjika, tukayachekecha, chenga zake tukazikanda pamoja na udongo. Chenga zimeshapita motoni, hazinywei tena, na huuachia unyevu njia ya kutokea. Kisha nikausukuma udongo kwa mti wa kusukumia chapati, katikati ya fito mbili zenye kimo cha sentimita 1, ili unene uwe mmoja kila mahali. Nikakata sentimita 20 kila upande. Udongo ule hupungua karibu sehemu moja ya kumi mpaka utoke motoni, kwa hiyo Shangazi angepata kama 18.

Nakshi nilizichonga kwa ncha ya kijiti: mnyororo, samaki, yungiyungi, kama zilivyo kwenye miimo ya milango. Hiyo ilikuwa kazi ya raha. Kazi yenyewe hasa ilikuwa mgongoni mwa kigae, kwenye matobo ya kupitishia waya. Ukitoboa udongo ukiwa mbichi, tobo linajifumba. Ukisubiri ukauke kabisa, unapasuka mkononi. Kuna wakati katikati hapo, udongo umeshakaza lakini ukiuweka shavuni bado una ubaridi, na wakati huo haukusubiri umalize chai. Nilitoboa mawili mawili kwa kila kigae, upande wa juu, mbali na ukingo, mapana kuliko waya kwa kuwa tobo nalo hupungua. Midomo yake nikailainisha kwa kidole chenye maji, maana ufa hupenda kuanzia penye kona kali.

Muda wote huo mawazo yangu yalikuwa Kaole, kwenye magofu ya kale. Kwenye nguzo za makaburi kule wazee walipachika bakuli za kaure za China ndani ya chokaa, na leo unaona matundu ya duara pale zilipokaa. Nimeyatazama tangu utotoni, na kila mara yananiuma. Chombo kilichopachikwa hakitoki salama. Nilimwona Shangazi ana akili kubwa kutaka kitu kinachoshuka kizima.

Vigae vilikauka taratibu kivulini, kati ya mbao, vimefunikwa gunia, nikivigeuza asubuhi na jioni. Siku ya kuchoma Shangazi alikuja mwenyewe, akamwamkia Bibi, akakaa kwenye mkeka. Bibi hakukimbilia kuni. Aliwasha moto mdogo, akavisimamisha vigae kandokando yake, akawa anavipasha na kuvigeuza. Mara kwa mara alikishika kioo cha kujitazamia juu ya kigae kimoja. Kikiingia ukungu, maji bado yamo. Maji yakigeuka mvuke ndani ya udongo, kigae kinalipuka. Kioo kilipobaki safi ndipo tukavipanga kwa ubavu, si kwa kuvilaza, ili moto uvipate pande zote mbili sawasawa. Tukaweka makumbi ya nazi, kuni, magae makubwa juu, na majani makavu.

Moto ulipopanda tukasikia mlio mmoja, pa! Shangazi akanishika mkono. Bibi akasema, "Hicho kimeshakwenda. Tuviangalie vilivyobaki," akaongeza kuni.

Asubuhi, majivu yalipopoa, Bibi aligonga kimoja kimoja kwa ukucha. Chenye ufa hutoa sauti ya kufifia. Vyetu vililia kwa sauti kali, isipokuwa kile cha samaki kilichovunjika vipande. Vilitoka vyekundu, vina madoa meusi pale moshi ulipovilamba, na madoa hayo nikayapenda kuliko rangi yoyote ya dukani.

Tulivitundika jioni hiyo kwa waya wa kufungia nondo. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi alisimama mbele ya ule ukuta, akauliza kwa ukali nani amempa ruhusa ya kujengea marumaru. Shangazi akainuka, akakishusha cha yungiyungi, akampa akishike. Mzee akakigeuza, akaona waya, akautazama ukuta wake mzima. Kisha akauliza kama ninaweza kumtengenezea vya sebuleni kwake.