Daftari la mikono mitupu

Nusura jedwali langu mwenyewe litutie hasara, tena mwezi wa kenda, wakati kila mtu Lubumbashi anakimbilia kuezeka kabla mvua hazijaanza.

Ninashika mahesabu ya depo ya baba mdogo, huku komini ya Kenya (si ile nchi, ni sehemu ya jiji letu la Lubumbashi): saruji, mabati, misumari, rangi kidogo. Zamani yote yalikuwa kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi. Nikayahamishia kwenye Excel, kisha nikajifundisha Power BI, programu ya kugeuza takwimu kuwa michoro, usiku usiku, umeme ukikubali. Siku niliyomwonyesha baba mdogo michoro yangu, aliitazama weee, akauliza: "Sasa hii inaniambia ninunue nini?"

Nikajibu kwa kifua mbele: tuache misumari ya bati. Kila mwezi inauzwa kiasi kile kile, kidogo, na nafasi inachukua. Baba mdogo akakubali. Aliyekataa ni yaya, dada yangu mkubwa anayesimama kaunta, ambaye kompyuta hata kuigusa hataki. "Misumari hiyo inaisha siku ya nne," akasema. "Siku zinazobaki kazi yangu ni kufukuza wateja."

Nilikasirika, halafu nikarudi kuangalia. Nilikuwa nimejumlisha mauzo kwa mwezi. Nilipoyapanga siku kwa siku, mambo yakajionyesha: mzigo ukiingia, siku tatu nne tunauza, kisha sifuri, sifuri, sifuri mpaka mzigo mwingine. Sifuri hizo nilizisoma kwamba hakuna aliyetaka, kumbe hakukuwa na cha kuuza. Kile "kiasi kile kile" kilikuwa idadi ya katoni tulizoagiza sisi wenyewe!

Na ubaya haukuishia kwenye misumari. Mtu anayeezeka hanunui bati hapa na misumari kule. Akikosa kimoja, vyote anavichukua kwa jirani. Hasara ya misumari ilikuwa imejificha kwenye safu ya mabati, ambako mimi nilikuwa nimeandika "soko limelala".

Basi tukanunua daftari la shule, likawekwa kaunta. Mteja akiomba kitu hakipo, yaya anachora kijiti. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu: ameandika "misumari" tu, bila kipimo, na ukurasa mmoja umefungiwa karanga. Nikapiga mistari, nikaandika vipimo mwenyewe. Sasa kila Jumamosi jioni ninaingiza vijiti hivyo kwenye Excel, kando ya mauzo. (Kando yake pia kuna bei ya dola ya siku ile. Tunanunua kwa dola, tunauza kwa faranga. Bila safu hiyo unaweza kushangilia faida ambayo haitoshi kurudisha mzigo.)

Misumari ya bati tukaongeza badala ya kuiacha. Baba mdogo naye siku hizi akifika anapita kompyuta yangu, anaomba daftari kwanza. Inaniuma kidogo, sifichi.

Jumamosi iliyopita nikakuta vijiti kumi na vitatu mbele ya neno "bawaba". Nikaanza kupiga hesabu ya katoni mbili, labda tatu. Yaya akachungulia juu ya bega langu, akacheka.

"Huyo ni mtu mmoja," akasema. "Yule fundi wa milango. Anapita kila asubuhi kuuliza."

Tukamwagizia zake.