Kiti Kinachowambika Upya

Nyumbani kwa marehemu bibi yangu, huko Pangani, palikuwa na kitanda cha kamba ambacho matendegu yake yalichongwa kabla mama yangu hajazaliwa, ilhali kamba zake zilikuwa za juzi tu. Kila zilipolegea hata mlalaji akaanza kuzama katikati, aliitwa jirani mmoja mzee, naye alizikata zile kuukuu na kupitisha mpya juu ya mifumbati na vitakizo vilevile, na kufika alasiri kitanda kilikuwa kimewambwa na kukazwa barabara. Leo mimi ni seremala wa viti, na kila ninapoanza kuchora kiti chenye kikalio cha kusukwa ninamkumbuka mzee yule. Kiti ambacho mtu kama yeye hawezi kukifungua na kukiwamba upya sikihesabu kuwa kimesanifiwa, hata kiwe na umbo zuri namna gani.

Mti na majani havina umri mmoja. Msaji uliokaushwa vizuri hudumu vizazi, lakini ukambaa wa miyaa unaokaliwa kila siku hulegea na mwishowe hukatika, na hilo si kosa lake. Kosa ni la msanifu anayeugandisha ndani ya kiti kwa gundi, hivi kwamba siku ukambaa unapokatika kiti kizima huishia jikoni kama kuni.

Wazee wetu wa pwani walilielewa jambo hili. Kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichowekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima katika nyumba za Lamu na miji mingine ya Waswahili, kina egemeo refu lililonyooka, pahali pa kuwekea miguu, na mapambo ya mfupa au pembe za ndovu yaliyopachikwa katika mti mweusi. Wengi hutazama mapambo hayo. Mimi hutazama nyuzi: kikalio na sehemu za egemeo zimewambwa kwa nyuzi, kwa hiyo mti ule mzito na mgumu kuchongwa unabeba kitu chepesi, kinachopitisha hewa, kinachoweza kuondolewa bila kuuumiza. Viti vya namna hiyo vya karne ya 19 vingali katika makumbusho, na sijamwona mtu aliyesimama mbele yake akasema vimepitwa na wakati.

Mbali kabisa na hapa, wasanifu wa Denmark walifikia jambo lilelile kwa njia yao. Mwaka 1947 Børge Mogensen alichora kiti cha J39 kwa ajili ya FDB, jumuiya ya vyama vya ushirika, ili familia za kawaida ziweze kukinunua. Hans Wegner alichora CH24 mwaka 1949, na kiti hicho kimetengenezwa mfululizo tangu 1950. Vyote viwili vina vikalio vya kamba ya karatasi iliyosokotwa, ambayo ilishika nafasi ya nyasi za baharini zilipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kikalio cha CH24 hula takriban mita 120 za kamba hiyo, na hufumwa kwa mkono. Kati ya viwili hivyo nakipenda zaidi cha Mogensen, ambacho hakina pambo hata moja, na bado jicho halichoki kukitazama.

Kiti changu cha kwanza cha aina hii kilinifunza kwa uchungu. Nilitumia msaji wa Longuza, shamba la miti huko Muheza, nikaziacha mbao nne za kikalio na kingo kali kwa sababu zilipendeza kwenye mchoro, na kabla mwaka haujaisha ukambaa ulikuwa umekatika palepale ulipokunjwa kwenye ubao wa mbele. Nilikuwa nimemtengenezea shangazi yangu. Alikirudisha bila neno la lawama, nami nilikaa nacho siku nzima nikiviringisha kila ukingo kwa randa na msasa mpaka kidole kikapita bila kukwama. Baadaye nilijua kwamba ukambaa uliokazwa huzivuta mbao zote kuelekea katikati, na ubao mwembamba hupinda. Kwa hiyo sasa ninauacha uwe mnene katikati na kuupunguza kuelekea kwenye ncha. Mbao za mbele na nyuma ninaziweka juu kidogo kuliko za ubavuni, ili ndimi zao zisikutane mahali pamoja ndani ya mguu na kuudhoofisha.

Kwa kuwa kikalio ni kipana zaidi mbele, ninajaza kwanza pembe mbili za mbele, kisha ninazunguka pembe zote nne, juu ya ubao na kurudi kwa chini, mpaka pembetatu nne zikutane katikati. Miyaa hutiwa maji kabla ya kusukwa ili isivunjike. Kazi ya kusuka ukambaa nafanyiwa na akina mama wawili ambao huona ukambaa usiolingana unene kabla vidole vyangu havijahisi, na bei ya kiti ninaanza kuihesabu kwa pima za ukambaa wao, ndipo nifike kwenye mbao.

Kiti cha shangazi kimeshawambwa mara mbili tangu wakati ule. Mara ya pili sikuitwa. Kiliwambwa na kijana wa jirani ambaye hajawahi kufika karakanani kwangu: alikipindua, akatazama jinsi ukambaa wa zamani ulivyopita chini, akaukata, akafuata njia ileile.