Alfa ya 0.8 haitoshi: nilivyolihakiki dodoso la sonona kwa wanachuo

"Alfa yako imefika 0.8, andika ripoti umalize." Ushauri huo niliupata kwa watu niliowaheshimu, na hadi leo unaniudhi. Alfa ya Cronbach huonyesha tu kwamba maswali yanakwenda pamoja. Kama mwenye alama nyingi ana sonona kweli, hilo alfa hailigusi.

Dodoso lenyewe ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001: maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, na wengi huweka mpaka wa kushuku sonona kwenye 10. Mpaka huo ulitokana na wagonjwa wa kliniki za Marekani. Mwanachuo anayekesha kwa ajili ya mitihani ni mtu mwingine kabisa.

Nilishauriwa pia kuyagawa ukumbini kabla ya mhadhara. Tulipojaribu na kundi dogo, nilisimama nyuma nikaangalia. Wakifika swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, mkono unafunika karatasi, jicho linamwibia jirani, kisha inawekwa sifuri. Karatasi zile niliziweka kando. Tukahamia chumba chenye viti vilivyoachana, kila mtu na bahasha yake, mshauri nasaha akiwa mlango wa pili. Aliyejibu zaidi ya sifuri hapo anaonwa siku hiyohiyo, hangoji takwimu.

Ninachojivunia hasa ni usaili wa daktari, wa kuhakikisha nani ana sonona kweli. Wengi huwaita wenye alama za juu peke yao, na hapo hutajua kamwe dodoso limewapita wagonjwa wangapi. Mimi nilichagua watu kwa bahati nasibu kwenye makundi yote mawili, waliofika 10 na waliobaki chini, nikachanganya orodha, daktari akapewa namba tupu za washiriki, bila alama zao. Aliwaona ndani ya siku chache, maana dodoso linauliza habari za wiki mbili zilizopita. Nilipofungua bahasha ya mmoja niliyemkuta na alama 7, fomu ya daktari ilisema: sonona, aanze matibabu. Wakati wa kukokotoa, kila kundi lirudishiwe uzito wake kati ya wanafunzi wote, la sivyo unyeti, yaani sehemu ya wagonjwa ambao dodoso linawanasa, utapanda kwa uongo.

Halafu piga hesabu hii kabla hujamwita mtu. Wanafunzi 200, wenye sonona 20. Dodoso linalopatia asilimia 90 pande zote, kwa wagonjwa na kwa wazima, litawanasa wagonjwa 18, na litawanasa wazima 18 vilevile. Kwa hiyo barua yetu ya kuwaita iliandikwa "karibu tuzungumze", bila kutaja ugonjwa wowote.