Boti Haikumjua Mdogo Wangu

Simu ilibipu mara mbili, ikakata. Kwa mama bipu moja ni salamu; mbili ni "nipigie sasa hivi". Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Septemba 2010, Idd pili, na mimi nilikuwa Kuala Lumpur, jikoni, ghorofa ya chini ya bweni letu, nikichungulia pilau isishike chini. Bweni zima lilikuwa kimya. Wenyeji walikuwa wamerudi makwao kula sikukuu, tukabaki wageni wachache.

Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemfanya nini mwenzio?"

"Nani?"

"Mdogo wako. Amerudi huko kwenye intaneti amenuna, kajifungia chumbani. Anasema umemtoa. Mara tatu."

Nikazima jiko.

Niliondoka nyumbani Magomeni mwaka 2008, mdogo wangu akiwa na miaka 12. Kabla ya hapo tulikuwa na kompyuta moja, na mchezo mmoja tuliocheza kwa ushirika: mimi nashika mausi, yeye anabonyeza vitufe. Warcraft III ndio uliotulea. Tulipojifunza DotA, ramani ile ya watu watano kwa watano iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe ndani ya mchezo huo, tulimwendesha shujaa mmoja kwa mikono minne, tukigombana kwa viwiko. Nilipokuwa mbali hakuwahi kunililia kwenye simu. Alichoniuliza kila mara ni lini tutacheza.

Si jambo jepesi kama linavyosikika. Katika Warcraft III ya wakati ule mchezo lazima uwe na mwenyeji, yaani kompyuta moja inayoufungua na kuwapokea wengine, na ili kompyuta hiyo ifikiwe kutoka nje, lango namba 6112 la mtandao liwe wazi. Mtandao wa bweni haukutuwekea lango lolote wazi. Isitoshe, mwenyeji akitoka, mchezo unakufa kwa wote.

Mwenzangu wa chumba, binti wa Mombasa aliyekuwa akisomea uhandisi wa kompyuta, ndiye aliyegundua GHost++. Ni boti, yaani programu huria, iliyoandikwa kwa C++, inayojifanya mchezaji: inaingia Battle.net, mtandao wa kuchezea mchezo huo, kwa akaunti yake, inafungua mchezo, inapokea watu, inawaanzishia, lakini yenyewe haichezi. Haina hata picha. Haihitaji, kwa sababu kila mchezaji vita vinapiganwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe; kazi ya mwenyeji ni kukusanya amri za watu wote kumi, kuzifunga fungu moja, na kuwarudishia wote fungu hilohilo, tena na tena, kila baada ya milisekunde 100. Mashine dhaifu kabisa inaiweza kazi hiyo. Tulikodi seva ndogo ya Linux huko Ujerumani, tukawa tunachangia nusu kwa nusu kila mwezi. Boti nayo ilidai leseni yake ya mchezo kama mtu, kwa hiyo safari moja ya Low Yat, lile jengo la maduka ya kompyuta, tulinunua boksi moja la kila mmoja wetu na moja la boti. La mdogo wangu nililinunua baadaye, nikamtumia namba zake kwa meseji.

Akaunti ya boti tuliipa jina Mwenyeji. Niliipenda sana. Ukiwa popote ndani ya Battle.net unainong'oneza, /w Mwenyeji !pub na jina la mchezo, na sekunde hiyohiyo kule Ujerumani mlango unafunguliwa. Ukiandika !priv, mlango unafunguka kwa anayelijua jina tu. Ukishaingia kwenye chumba cha kusubiri huna haja ya kunong'ona, unaandika mbele ya wote: !swap 2 7 na watu wawili wanabadilishana nafasi; !close na nafasi inafungwa; !from na boti inataja kila mtu yuko nchi gani. Amri zote zinaanza na alama ya mshangao. Miezi ile nilizoea kuitumia hata nilipomwandikia mama. Na kuna faili moja dogo la maandishi, motd.txt, ambalo boti humsomea kila anayeingia. Mwenzangu aliniachia niandike mimi. Niliandika: "Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siku ile ya Idd pili ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa mdogo wangu kuingia. Alikuwa na hela ya sikukuu, shilingi 3,000, na mgahawa wa intaneti ulikuwa shilingi 1,000 kwa saa. Saa tatu kamili za kucheza. Tulipatana aanze saa kumi jioni ya Dar es Salaam, ambayo kwangu ni saa tatu usiku. Ramani, toleo la 6.68, alikuwa ameipakua tangu juzi yake kwa uvumilivu ambao sijui aliutoa wapi.

Nami nilijiandaa vizuri, au niliamini hivyo. Nilifungua mchezo kwa !pub, ili nafasi ambazo hatuna watu wa kuzijaza wazijaze Wazungu wa seva ya Ulaya. Nikaandika !hold na jina lake, kumwekea nafasi. Nikaandika !autostart 10, boti iuanzishe yenyewe mchezo watu watakapotimia kumi. Kisha nikashuka kuangalia pilau.

Nilipopanda mbio kutoka jikoni, simu bado sikioni, mwenzangu alikuwa ameshajua. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yangu akisoma maandishi ya kile chumba cha kusubiri.

"Njoo uone," alisema. "Boti yamtoa. Yamkaribisha, kisha yamtoa."

Kariakoo_10 ameingia. Kariakoo_10 ametolewa, pingi yake imezidi, 437. Ameingia. Ametolewa, 452. Ameingia. Ametolewa, 429. Pingi ni muda ambao ujumbe unachukua njiani, kwa milisekunde. Kati ya mara ya pili na ya tatu zilipita dakika kama nne. Nilizikadiria mara nyingi baadaye zile dakika nne, alivyokaa pale akijiuliza ajaribu tena au la, saa yake ikikatwa.

Katika faili la mipangilio kulikuwa na mstari ambao tuliuacha kama ulivyokuja: mchezaji akishapimwa mara tatu, na pingi yake ikazidi 400, atolewe. Na pingi ile boti yetu iliionyesha kwa desturi ya wachezaji wa mchezo huu, yaani nusu ya muda wa kwenda na kurudi. Kwa hiyo 437 ni karibu sekunde nzima. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam tangu Julai 2009, lakini mgahawa ule bado ulikuwa na dishi juu ya bati. Setilaiti ya aina ile inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Neno linapanda, linashuka, jibu linapanda, linashuka, na hapo tayari karibu nusu sekunde imekwenda hata kama mgahawani hakuna mtu mwingine. Na siku ya Idd mgahawa huwa umejaa.

Aliyewekewa nafasi kwa !hold hatolewi kwa pingi. Boti inamheshimu. Lakini mimi nilikuwa nimeandika Kariakoo10, bila kile kimstari cha chini. Boti ilikuwa imemwekea nafasi mtu asiyekuwepo duniani, na mdogo wangu ilimwona mpita njia.

"Mpe simu, mama," nilisema.

"Hataki."

"Mwambie si mimi niliyemtoa. Ni boti."

"Boti gani tena? Ya Unguja?"

Nilimweleza mama kwa namna nilivyoweza: kuna mashine Ulaya, mimi naiandikia maneno, yenyewe inapokea wageni kwa niaba yangu. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa kwa nini usimpokee mwenyewe?" Sikuwa na jibu. Nikasikia kanga yake ikikwaruza simu, mlango ukigongwa, kisha pumzi ya mtu asiyetaka kuzungumza.

"Dada, kama hutaki kucheza na mimi si ungesema tu."

Nilimwambia yote. Kimstari, dishi, kikomo cha 400. Nilimwambia nilikuwa jikoni. Mchezo huu ukikutoa haukuelezi sababu. Unajikuta tu uko nje, na maandishi ya sababu wanayasoma waliobaki ndani. Yeye aliona jina la mchezo nililomwambia, akaona jina langu kwenye orodha, na akaona mlango ukifungwa. Angefikiri nini kingine?

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Mbona iliniambia karibu?"

Mpaka leo sijapata swali lililonichoma kama hilo.

Mama aliongeza shilingi 1,000 kutoka kwenye pochi yake. Mimi nikakaa kwenye kiti na sikuinuka tena. Nikaizima ile ya kujianzisha, !autostart off. Nikaandika !hold Kariakoo_10, nikamwomba mwenzangu aisome herufi kwa herufi. Wageni walikuwa tisa pamoja nami, wakinung'unika kwa Kiingereza na Kijerumani kwamba tunangoja nini. Wengine walitoka, wengine wakaingia, mpaka nafasi zikajaa zote kumi. Kisha mdogo wangu akafika, na boti, kwa kuwa sasa jina ililijua, ikamtoa mmoja wa wale kumi ili yeye akae. Kijana yule alikuwa amesubiri kistaarabu bila kusema lolote. Nilimwonea huruma kweli, kwa sababu najua na yeye hakuelezwa.

Nikaandika !from. Nilikuwa nimeingoja amri hiyo wiki nzima, nilitaka kuona TZ ikiandikwa mbele ya watu wote. Mbele ya jina lake boti iliandika GB. Ile setilaiti ilishukia Uingereza, na anwani yake ya mtandao ilikuwa ya huko. "Haidhuru," alisema mwenzangu, "sisi twajua atoka wapi."

Tukaanza, !start, boti ikahesabu tano mpaka moja.

Mchezo huu haukuachi umtangulie mwenzako mbali. Boti huhesabu mafungu ambayo kompyuta yako bado haijakiri kuyapokea. Yakizidi 50, yaani sekunde kama 5, dunia nzima inasimama na kisanduku kinatokea kuonyesha nani anasubiriwa. Dakika kumi za mwanzo jina la Kariakoo_10 lilitokea mara sita. Mmoja wa timu pinzani akaandika !votekick Kariakoo. Boti ikamjibu kwamba mchezaji huyo amewekewa nafasi, hapigiwi kura. Nilipousoma mstari ule nilishusha pumzi. Nikaandika !synclimit 150, ikimaanisha mvumilie mara tatu ya ulivyozoea, na kile kisanduku hakikurudi ila mara moja.

Lakini shujaa wake alikuwa bado anachelewa. Anabofya aende, sekunde inapita, ndipo anageuka. Mashujaa wa kukimbizana wasingemfaa, naye alilijua hilo kabla yangu, kwa sababu alikuwa amemchagua Zeus. Zeus akifika kiwango cha sita anapata radi inayowapiga mashujaa wote wa upande wa pili popote walipo kwenye ramani. Hailengwi. Haijali kama umebonyeza sasa au sekunde iliyopita. Mtoto wa miaka 14, baada ya kutolewa mara tatu, alikuwa amekaa akafikiri ni silaha gani haidhuriwi na dishi.

Dakika ya ishirini na kitu, wapinzani watatu walikuwa wanakimbia vitani, kila mmoja na njia yake, wote wamebakiwa na damu kidogo. Nikamwandikia, "Radi." Hakujibu. Nikahesabu moja. Anga ikapasuka, na majina matatu yakatoka mfululizo kwenye skrini, yote mbele yake jina lake. Mwenzangu alipiga kigelegele ambacho naamini kilisikika mpaka kwenye geti la bweni.

Mchezo ule tulishindwa, baada ya dakika 51.

Alibakiwa na muda wa saa moja na kidogo. Nikamnong'onezea Mwenyeji !priv kwetu, nikamwambia mdogo wangu aandike jina hilo mwenyewe, herufi ndogo zote. Tukawa watatu tu, sisi wawili na mwenzangu. Pilau ilikuwa imepoa juu ya meza, tukila kwa mkono mmoja. Mle chumbani nikaandika !owner Kariakoo_10.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Mchezo ni wako sasa. Inakusikiliza wewe."

Pakawa kimya, na kwa dishi lile sikuweza kujua kama ni yeye amenyamaza au ni njia. Kisha nafasi zikaanza kufungwa moja moja, !close 4, !close 5, !close 6. Akaandika !swap 1 2, akanihamisha kutoka nafasi ya kwanza, akakaa yeye. Akaandika !ping, akayasoma majibu, ya kwake 441 na ya kwetu hayafiki hata nusu.

"Dada uko tayari?"

"Niko tayari."

"Huendi jikoni?"

"Siendi."

Akaandika !start.