Kuitambua na Kuitumia Zenit-E

Kamera aliyotuachia marehemu baba mkubwa, ambaye alitoka nayo Moscow alikosomea, ina jina la Kirusi usoni, lakini si lazima ujue lugha hiyo ili uitambue. Nembo ndogo ya mche wa kioo unaopitiwa na mwale wa mwanga ni ya kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, kilichoanza kutengeneza Zenit-E mwaka 1965. Katika namba iliyochongwa nyuma, tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida huonyesha mwaka wa kutengenezwa. Hii inaanza na 76.

Filamu ni ghali siku hizi, kwa hiyo ikague kamera kwanza. Pazia la shata, yaani kifungio kinachoruhusu mwanga kuifikia filamu, ni la kitambaa, nalo lisiwe na mikunjo wala matundu. Fungua lenzi kwa kuizungusha, kisha uitazame ikielekea dirishani, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha ndani yake ukungu wenye nyuzi kama za buibui.

Kipima mwanga hakitumii betri: seleniamu iliyo juu ya lenzi huzalisha umeme wake kutokana na mwanga wenyewe, hivyo ukiifunika kwa kiganja mshale hushuka, na ukiifunua hupanda. Kikiwa kimekufa, kamera bado ni nzima; utakadiria mwanga mwenyewe. Kwa filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) kwenye jua kali, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na kasi ya shata kwenye sekunde 1/125; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Mawingu mepesi yakitanda, fungua hadi f/11.

Ninachokipenda zaidi ni lenzi yake, Helios-44-2 ya milimita 58, ambayo wenye kamera za kidijitali huitafuta kwa jinsi inavyoifanya mandhari ya nyuma ionekane kama inazunguka, ingawa naona ni hasara kuitenganisha na mwili wake. Ina pete mbili za mwanga. Ya kwanza huchagua kiwango, tuseme f/8. Ya pili hufungua tundu lote ili uone vizuri unapolenga, kisha unaizungusha mpaka igote kwenye kiwango ulichochagua, ndipo ubonyeze. Kitafutio, yaani kidirisha unachochungulia, kitaingia giza kidogo, na hiyo ndiyo dalili kwamba umefanya sawasawa. Ukiiruka hatua hii, lenzi itapiga ikiwa wazi kwa f/2, na kwenye jua la mchana hata kasi ya 1/500, ambayo ndiyo ya mwisho katika kamera hii, haitaiokoa picha isiungue kwa mwanga mwingi.