Elgon nilipandia Budadiri nikashukia Sipi, na mzee wa maharage bado anabisha

Watu walionishauri kuhusu kupanda mlima Elgon hapa Uganda karibu wote hata Budadiri hawajawahi kufika. Kinara wao ni mzee mmoja jirani yetu hapa Jinja, sajenti mstaafu, sisi watoto wa baraki, kambi ya jeshi, tumekua mbele ya macho yake na namheshimu sana, lakini huyu mzee hakuna kitu hajafanya. Mlima amepanda, mto amevuka, chui wamepishana naye njiani wakasalimiana. Nikamwamkia shikamoo mzee, nikamwambia mimi na binamu yangu tunataka kwenda kilele cha Wagagai, tunaanzia Budadiri halafu tunashukia upande wa pili, Sipi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mtu anarudi alikotokea. Wapagazi wako wa Budadiri, begi lako umeliacha Budadiri, Sipi unaenda kufuata nini?" Halafu kesho yake asubuhi akaja mwenyewe mpaka mlangoni na kilo tatu za maharage ya nambale, eti mlimani chakula ni maharage, mengine ni mapambo. Sasa mzee kama huyo amekuletea mpaka mlangoni utakataaje? Nikapokea nikamshukuru. Hayo maharage nitayarudia.

Sababu ya kutotaka kurudi kulekule ni rahisi tu. Njia ya Budadiri, ile wanaita Sasa, ndiyo fupi na ndiyo yenye mwinuko mkali, siku ya kwanza tu unapanda kama mita 1,650 mpaka kambi ya Sasa River iliyo kwenye mita 2,900. Kupanda mwinuko huo unahema lakini unafika, ila kuushuka ukiwa umechoka, matope, na begi linakusukuma kwa nyuma, magoti yatakushtaki. Njia ya Sipi ni ndefu na inashuka polepole, unapita msitu mzuri, na mwisho wake kuna barabara ya lami, chakula na kitanda. Wengine watakwambia uanzie Sipi upandie huko taratibu ili mwili uzoee hewa, sawa, hiyo nayo ni hoja, ila mimi magoti yangu nayajua.

Tatizo la kutembea bila kurudi ulikoanzia si miguu, ni mizigo. Nguo safi, viatu vya kawaida, taulo, kitabu, chaja, vyote hivyo mlimani hutaki kubeba lakini ukishuka unavitaka pale pale. Kila mtu ananiambia acha vitu mjini Mbale hotelini. Na nikishuka Sipi nimeloa mpaka nguo za ndani nivae nini, niingie kwenye taksi hivyo mpaka Mbale nanuka moshi?

Basi sikia nilichofanya. Mbale pale kwenye steji ya magari ya Kapchorwa makondakta wanabeba vifurushi kila siku, kuku, dawa, simu za watu, na Sipi iko njiani kabla hujafika Kapchorwa. Nikapiga simu kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Sipi, nikamwambia mama nitalala kwako nikitoka mlimani, nakutumia begi langu litangulie. Akaguna, "sawa, lakini likipotea usije kunililia mimi." Binamu yangu naye akasema begi zuri hivyo halitafika, likishuka hapo njiani Sironko umeliaga. Nikaenda sokoni nikatafuta gunia kuukuu la posho, yaani unga wa ugali, na sindano ya magunia, nikaingiza begi ndani nikalishona pande zote kwa uzi wa nailoni, tena nikashona vibaya makusudi, likakaa kihovyohovyo. Halafu nikachukua kalamu nene nikaandika juu kwa herufi kubwa VITABU VYA SHULE. Wallahi hakuna mtu anaiba vitabu vya shule. Kondakta alipolinyanyua akasema kwa huruma, "dada, wewe ni mwalimu?" nikasema Mungu anajua. Nikampa nusu ya pesa, namba ya gari nikaipiga picha mbele yake akiona, nikamwambia nusu nyingine nakutumia kwa simu mama akinipigia kwamba umefika. Tuko Budadiri hata hatujamaliza kujiandikisha, simu ikalia, mama anasema "vitabu vyako vimefika." Nikatuma pesa ya kondakta papo hapo mbele ya binamu, na skrini nikamwonyesha.

Kujiandikisha kwenyewe hakuna maneno mengi, unaenda ofisi ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, pale pale Budadiri, unalipa kwa kila siku utakayokuwa ndani ya hifadhi, sisi wa Afrika Mashariki bei yetu ni chini sana kuliko ya wageni wa ng'ambo, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima mwende naye. Na hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko pesa. Yule askari alipoona namwita afande na namjibu Kiswahili cha baraki akacheka, "huyu ni mtoto wetu," na kuanzia hapo tulikuwa familia. Wapagazi upande huu ni Wamasaaba, ukishuka kule ni Wasabiny, na lugha inayowakutanisha wote hao ni Kiswahili, kwa hiyo wale wanaosema Uganda Kiswahili ni cha askari tu waende wakajaribu kununua mayai Sipi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni nauli ya wapagazi. Mkirudi Budadiri mpagazi anaenda kwake kwa miguu, mkishukia Sipi anabaki mbali na kwao na kuna siku yake nyingine imeliwa. Wao wakataka walipwe siku mbili za ziada pamoja na nauli mpaka Mbale halafu warudi. Nikawaambia jamani, barabara ya Sipi kwenda Mbale inapita Sironko, mtashukia huko mchukue boda mpaka Budadiri, Mbale mnafuata nini? Wakaangaliana, mmoja akacheka, wakajua huyu ramani anaijua. Tukaelewana nauli hiyo, siku moja ya ziada na soda. Hayo yote yaongee chini kabla hujapanda, mbele ya afande, ukingoja kuyasema Sipi umechoka utalipa chochote utakachoambiwa.

Boda zinakupandisha kutoka Budadiri mpaka Bumasola, mashamba ya kahawa na migomba pande zote, kisha miguu. Ukishaingia tu msituni unakutana na jabali la Mudangi, kuna ngazi zimeegemezwa kwenye mwamba. Mimi urefu siupendi. Vipago vilikuwa vimeloa, begi linanivuta nyuma, nikawa nasema bismillahi kila kipago na macho nimekaza kwenye vidole vyangu, nimeshika mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nikiwa katikati nikasikia juu mtu anasema "samahani dada," kumbe kijana anataka kushuka, begani ana mzigo wa mianzi mirefu kuliko yeye, miguuni pekupeku, anaongea na simu! Nikabana pembeni hadi nikabusu mwamba, tukapishana, simu haikukatika. Binamu huko chini alikuwa anacheka, ila zamu yake ilipofika alimpa mpagazi hata chupa yake ya maji ili mikono yote miwili iwe huru. Baada ya ngazi ni mianzi, mianzi, mianzi, zaidi ya saa mbili unaona mianzi tu na matope. Gambuti, ndugu zangu. Waacheni na viatu vyao vya laki tano, sisi tulivaa gambuti za kawaida na soksi mbili mbili, na tulienda mwezi wa saba ambao eti ni kiangazi, matope yalikuwepo tu. Machi mpaka Mei sitaki hata kufikiria.

Sasa maharage. Siku ya kwanza tulikula chapati na mayai tuliyotoka nayo, siku ya pili tumefika kambi ya Mude Cave, mita 3,500, mapema, saa nane mchana hivi, binamu akasema leo tule chakula cha kweli. Maharage ya mzee yakaingia sufuriani saa tisa. Saa kumi na moja yanacheza tu kwenye maji, magumu. Mpagazi mmoja anaangalia anatabasamu hasemi kitu. Saa moja usiku nikatoa moja nikaliuma likatoa mlio. Binamu anazidisha mkaa, anapuliza, maji yanachemka kwa kelele, yanafurika, ukiyaona utasema hapo kitu kinaiva. Ndipo afande akatuhurumia akaeleza: huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wake wote, kwa hiyo hata uchochee mpaka asubuhi moto ndani ya maji hauongezeki. Nyumbani maji yanachemka karibu na nyuzi 100, pale Mude ni kama 88, na maharage hayajui kwamba umechoka. Saa tatu usiku mkaa wa siku mbili umekwisha, maharage yana maganda yamejikunja tu, ndani mawe. Yule mpagazi aliyekuwa anatabasamu akaingia kwenye mfuko wake akatoa kifurushi cha jani la mgomba, ndani malewa ya moshi, machipukizi yale ya mianzi, mke wake ameshayapika na karanga nyumbani. Akapasha dakika tano. Tukala na posho baridi tuliyobakiza na mpaka leo sijala kitu kitamu vile. Yale maharage tuliyabeba mabichi-mabivu hayo hayo mpaka chini maana takataka huruhusiwi kuacha, afande alikagua.

Kwa hiyo chakula beba kilichoiva au kinachoiva haraka. Mchele ule wa kawaida nao unasumbua. Tambi, uji wa unga laini, karanga za kukaanga, sukari, tangawizi nyingi. Na usiku Mude ni baridi ya kweli, asubuhi majani yana barafu ukikanyaga yanalia. Mimi nilitia maji ya moto kwenye chupa, nikaivisha soksi, nikaingia nayo kwenye mfuko wa kulalia pamoja na simu na pawabenki, maana baridi inanyonya chaji. Asubuhi maji yale yale yana uvuguvugu nikapigia mswaki. Binamu alilala na koti, suruali mbili na kofia, akaamka ananilaani.

Wagagai kwenyewe sina mengi ya kusema, ni kutembea kama saa nne kutoka Mude, tuliondoka gizani na tochi za kichwani, unapita kidimbwi cha Jackson, ile miti ya ajabu ya lobelia na senesio imesimama kwenye ukungu, unakwenda mdogo mdogo. Kichwa kilinigonga kidogo nikanywa maji nikapunguza mwendo. Afande alishasema mapema, yeyote atakayeanza kutapika na kuyumba anashuka, hakuna mjadala, na mimi nakubaliana naye. Juu kuna kibao, mita 4,321, unaona kreta yote chini yako, pana mpaka macho yanachoka, na ng'ambo kule ni Kenya. Tukapiga picha, upepo ukatufukuza.

Hapo sasa ndipo wenzetu wa kurudi Budadiri waligeuka kushuka njia ile ile, wanaangalia chini kwa huzuni, na sisi tukashika njia ya Hunters Cave. Huko hatukukutana na mtu. Ni nyasi ndefu, vijito, mawe, mawingu yanapita chini yenu. Siku hiyo ni ndefu, usidanganywe, jua lilikuwa linazama tunafika kambini na binamu hasemi na mtu. Lakini kutoka pale ni kushuka tu, baridi inapungua, miti inarudi, ndege wanarudi, unafika pango la Tutum, kubwa, watu wanalala humo ndani, halafu msitu wa miti mikubwa mpaka Kapkwai, upande wa Sipi. Magoti yangu salama. Njiani watoto wa shule wa Kisabiny wanatupita wanakimbia na mabegi mgongoni, kwenye mlima, wanacheka, na ndio maana wakimbiaji wakina Kiprotich na Cheptegei wanatoka huku.

Sipi nikamkuta mama anatungoja na lile gunia liko chini ya meza, halijaguswa hata uzi mmoja. Nilipolifungua ikatoka taulo na viatu vya wazi mama alisikitika kabisa, ana mtoto yuko sekondari, alikuwa anataka kuniomba kimoja cha hesabu. Nikaoga maji ya moto, nikavaa kavu, nikakaa kibarazani na kahawa naangalia maporomoko yale makubwa ya karibu mita 100, binamu bado amevaa suruali ya matope maana begi lake alikataa kulituma, liko Mbale hotelini.

Gharama? Ukijumlisha ada za hifadhi, wapagazi, chakula na magari, sisi wawili hatukufika hata nusu ya bei tuliyotajiwa na kampuni moja ya Kampala kwa mtu mmoja. Bakshishi weka pembeni tangu mwanzo. Wapagazi walishukia Sironko kama tulivyosema, na yule wa malewa akanunua gambuti zangu, nikataka elfu ishirini, akasema kumi, tukamalizana kwa kumi na tano na kilo tatu za maharage juu yake, akawapelekee kuku.